Maneno Kumi na Mawili

Wiki ya 1, Jumatatu

Mvua imeanza leo, muhula umeanza leo, na vyote viwili vimenikuta sina mwavuli. Nimeingia darasani nikitiririka kama bata, viatu vinalia kwache kwache, darasa zima likageuka kunitazama.

Mimi ni mwaka wa tatu wa famasia, na kama kuna mtu aliyechoka kuhesabu vidonge, ndiye huyu. Tunahesabu tano tano juu ya sahani ya plastiki, mpaka imefika mahali nahesabu tano tano hata vifungo vya shati la mhadhiri. Ndiyo maana nilipoona ubaoni kuna somo la hiari, Uandishi wa Habari za Afya, nilijiandikisha kabla sijasoma masharti. Sharti lenyewe ndilo hili daftari: kila mwanafunzi aandike shajara ya muhula mzima. Mwalimu anasema hataisoma, anataka tu kuona kama tunaweza kuandika bila kulazimishwa. Huko si kulazimishwa ni nini?

Mwalimu huyo ni mhariri mstaafu wa gazeti, mrefu, mkavu, hacheki. Saa moja haikuisha tukawa tumeshampa jina: Mzee Futa. Kila sentensi uliyoandika anaisoma, anainua macho, anasema, "Futa."

Makala bora ya muhula itatoka kwenye gazeti la wiki, ukurasa wa afya, na jina la mwandishi juu yake. Naitaka nafasi hiyo. Naitaka mpaka nimeshindwa kukaa kitini, na jirani yangu wa dawati, mwanafunzi wa uuguzi tunayemwita Sindano kwa ajili ya ulimi wake, kaniuliza kama nina minyoo.

Wiki ya 1, Alhamisi

Niandike juu ya nyumbani, maana Mzee Futa kasema mwandishi asiyeijua nyumba yake ataandika nini juu ya hospitali.

Naishi kwa dada na shemeji. Dada ni fundi rangi, na ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa. Mama aliondoka kwa ugonjwa wa ini, na wiki zake za mwisho macho yalikuwa ya njano kabisa. Mpaka leo dada akipewa ukuta wa kupaka njano humwachia mwenzake. Mimi huniita Kidonge, tangu nilipochaguliwa famasia.

Dada ana kifafa. Kuna kidonge cheupe anameza, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na tangu akianze hajaanguka miaka sita. Kazini hawajui. Anapaka panapofikiwa na mkono wake akiwa amesimama chini, ngazi anawaachia wenzake, anasema anaogopa urefu. Anaogopa wapi! Akiwa msichana alikuwa akipanda juu ya paa kufukuza paka.

Dawa yake namchukulia mimi kila mwisho wa mwezi, kwenye kliniki ninakofanya mazoezi. Tumezoea hivyo.

Wiki ya 2, Jumatano

Nimeandika makala ya kwanza, juu ya kunawa mikono. Mzee Futa kaifuta yote kasoro jina langu.

"Msomaji wako amesimama," alisema. "Hana kiti. Ana mambo yake. Ukimwambia maneno mawili mahali pa moja, anaondoka."

Nimetoka nimefura. Sindano akanitania njia nzima: "Pole, mwandishi. Jina lako angalau lilikuwa limeandikwa vizuri."

Wiki ya 2, Ijumaa

Mvua. Nguo hazikauki.

Wiki ya 3, Jumanne

Nimepata! Utafiti mpya, mkubwa, umetoka kwenye jarida la madaktari, watu maelfu kwa maelfu wamefuatiliwa miaka mitano. Kidonge cheupe cha kifafa kinaongeza hatari ya kuharibika ini. Kwa wasiokitumia, mtu mmoja kati ya elfu kumi. Kwa wanaokitumia, wawili. Mara mbili!

Nilisimama maktaba nikakaa, nikasimama tena, mkutubi akanikoholea. Hakuna mwandishi hapa nchini aliyeuona. Nimemfikiria dada, ndiyo, sitajidanganya humu. Nikajiambia mmoja na wawili kati ya elfu kumi si kitu, famasia yote tunasoma namba kama hizo, hata kuvuka barabara kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Nikaendelea kuandika.

Wiki ya 3, Alhamisi

Makala imekamilika. Mwisho ni maneno mia nne, na yangu ina mia nne na kumi na mawili.

Nimezunguka nayo tangu asubuhi. Mwanzo siugusi, ng'o: "Kila asubuhi, kabla mvua haijaacha kugonga bati, maelfu ya watu humeza kidonge cheupe wakiamini kinawalinda." Nilipomsomea Sindano hakuwa na la kusema, na hiyo peke yake ni tuzo. Katikati kuna maneno ya daktari bingwa, siwezi kumkata mdomo. Mwishoni nawashauri wagonjwa wazungumze na daktari wao, na hilo ni lazima.

Kisha nikaona sentensi moja imekaa peke yake: "Yaani kutoka mtu mmoja hadi watu wawili kati ya kila elfu kumi." Nikaihesabu. Maneno kumi na mawili, kamili kama yaliyoagizwa. Na juu yake nimeshaandika "mara mbili", sasa kurudia kwa nini? Msomaji amesimama. Nikaifuta.

Wiki ya 4, Jumatatu

Mzee Futa kasoma mpaka mwisho. Hakusema futa hata mara moja. Kasema, "Hii inaweza kwenda."

Inaweza kwenda! Nimerudi nyumbani kwa miguu na mvua yote ile.

Wiki ya 4, Jumapili

Imetoka. Jina langu, na chini yake "mwanafunzi wa mwaka wa tatu, famasia." Kichwa wamekiweka wenyewe: "Dawa ya Kifafa: Hatari ya Ini Mara Mbili." Herufi kubwa kama za tangazo la kampeni.

Shemeji kanunua nakala sita. Yeye ni fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache, lakini leo kasimama mlangoni anawasomea majirani kwa sauti ya mtangazaji. Dada alipokea yake akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akaisoma tena. Ile sentensi ya bati akaisema kwa sauti, bila kutazama karatasi.

"Haya, Kidonge," akasema. "Mama angekuwepo angezimia kwa furaha."

Akaikata kwa mkasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Nilitaka kumwambia kitu, kwamba kwake yeye haina tatizo, aendelee na dawa yake. Ila alikuwa anacheka na shemeji, na mimi nilikuwa natazama jina langu.

Wiki ya 5, Jumatano

Wenzangu wananiita Mhariri. Sindano ananiita Mara Mbili. Nimejifanya nimekasirika.

Wiki ya 5, Ijumaa

Mwisho wa mwezi. Nimemuuliza dada kama nimchukulie dawa. "Bado ninazo," kasema, huku anasuuza brashi. Sawa. Nimepunguziwa mzigo.

Wiki ya 6, Jumanne

Foleni ya dirisha la dawa siku hizi fupi. Mfamasia, yule mama msimamizi wangu wa kliniki, anasema ni mvua. Mimi nafurahia, napata muda wa kuandika makala ya pili chini ya kaunta.

Siwezi kutulia siku hizi. Naanza sentensi tano namaliza moja. Nataka kutoka tena gazetini, kabla hawajanisahau.

Wiki ya 6, Jumamosi

Dada kaimba akifua. Sijamsikia akiimba miaka. Kwa kawaida Jumamosi hulala mpaka saa nne, kile kidonge humlegeza mwili. Leo saa kumi na mbili yuko uani, mikono kwenye povu, anamtania shemeji kwamba amekuwa mzee. Nikamuuliza amekula nini. "Nimeamka tu vizuri," akasema.

Wiki ya 7, Alhamisi

Mvua, mvua, mvua. Makala ya pili imefutwa yote.

Wiki ya 7, Ijumaa

Dada tena: "Bado ninazo."

Wiki ya 8, Jumatatu

Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari juu ya goti, asiyeweza kusoma asisome.

Asubuhi Mfamasia kaniambia nihakiki kadi za stoo. Kila dawa ina kadi yake: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ni kazi ya kuchosha, nikaenda nayo mbio mbio mpaka nikafika kwenye kidonge cheupe. Kwa kawaida wiki hii ya mwezi hubaki maboksi mawili. Kadi ilisema tisa. Nikahesabu rafuni. Tisa.

"Tumeletewa nyingi?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema Mfamasia. "Watu hawaji."

Nikafungua daftari la wagonjwa. Kwa mwezi huchukua dawa hiyo watu arobaini. Ndani ya siku thelathini zilizopita wamechukua kumi na tisa. Nikarudi nyuma, nikapiga mstari wa penseli pale walipoanza kupungua. Mstari ukaangukia Jumatatu ile iliyofuata Jumapili ya gazeti langu.

Nikatoa kumi na tisa kwenye arobaini. Watu ishirini na mmoja. Kisha nikasikia masikioni mwangu ile "bado ninazo," "bado ninazo," na hesabu ndogo, ya darasa la pili, ikajifanya yenyewe kichwani: vidonge sitini kwa mwezi, viwili kwa siku, zaidi ya wiki sita hajachukua. Anazo vipi? Mimi, mtu wa famasia, ninayehesabu vifungo vya watu!

Nilikuwa navua koti jeupe nikimbie nyumbani simu ikalia. Shemeji. Hakusalimia.

"Dada yako kaanguka kazini. Njoo."

Walikuwa wanapaka korido ya shule. Nilipofika walikuwa wamemlaza chali, na mmoja anahangaika kumpenyezea kijiko kati ya meno. Nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. "Toa! Toa hicho kijiko! Mgeuze ubavu!" Tukamgeuza. Alishaacha kutikisika, alikuwa anakoroma, rangi nyeupe imemwagikia nusu ya nywele. Alianguka juu ya ndoo. Paji la uso limepasuka, na kiganja cha kulia, cha brashi, kimekaa vibaya. Mafundi wenzake wamesimama mbali, migongo ukutani, na fundi mkuu ananong'ona, "Kumbe ana hii kitu. Miaka yote. Kumbe ana hii kitu."

Hapa hospitali wamemshona nyuzi saba. Kiganja kimevunjika. Muuguzi mmoja mzee kaniambia bila ubaya, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu." Nilitaka kumwambia dada hakuficha bure, na aliyemuumbua si kifo, ni mimi. Badala yake nikaja kuandika.

Wiki ya 8, Jumatano

Shemeji kafungua kabati kutafuta khanga safi za dada, akakuta kopo. Vimo vidonge kumi na vinne, vya wiki nzima. Kaja nalo mkononi mpaka nilipokaa, akaliweka mezani, akageuka kutazama mlango wa kabati aliouacha wazi, ile makala bado imebandikwa.

"Aliacha siku ile ile," akasema. "Mimi nalala naye kitanda kimoja, sikujua. Mchuma janga hula na wa kwao, shemeji." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Wiki ya 8, Ijumaa

Dada karudi nyumbani, plasta mpaka kiwiko. Wamempima ini. Liko salama salimini. Daktari kamwambia arudie dawa leo leo. Kaitikia vizuri, "Ndiyo, daktari," na hajaimeza.

Nikamkalia mbele. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani.

"Dada, ni mtu mmoja na watu wawili kati ya elfu kumi. Hatari yenyewe ni ndogo hivyo."

"Hilo uliliandika?"

"Nililiandika. Nikalifuta."

"Kwa nini?"

"Maneno yalizidi."

"Yalizidi mangapi?"

"Kumi na mawili."

Akakuna ngozi pembezoni mwa plasta. Kisha akauliza, "Na ile ya mvua na bati ina maneno mangapi?"

Nikatazama mlango wa kabati. Anajua kuhesabu.

"Niliipenda sana ile," akasema. "Kidonge, mimi nimekulea. Sikuwahi kukuuliza kama ulichoniambia ndicho chote. Sasa leo unaniambia kitu kingine hapa chumbani, pole pole, mimi na wewe. Nitajuaje kama hiki nacho ni chote? Macho ya mama niliyafumba mimi kwa mkono wangu huu. Wewe ulikuwa mtoto, walikutoa nje."

Nikalia. Hakunibembeleza. Tangu nizaliwe, nimlilie dada asinibembeleze, ni mara ya kwanza.

Wiki ya 9, Jumatatu

Nimekwenda kwa Mzee Futa nikiwa na hasira za kutosha watu wawili. Nikamwekea mezani kadi ya stoo niliyoinakili. Nikamweleza yote, dada, ndoo, ile sentensi. Nikamwambia, "Wewe ulisoma. Miaka yako yote hiyo ya kusoma makala za watu, hukuuliza mara mbili ya ngapi?"

Akavua miwani. Nilitegemea anifukuze.

"Sikuuliza," akasema. "Sijui dawa, binti. Nilisema huyu ni mtu wa famasia, angekuwa na namba angeiweka."

"Na mimi nilisema huyu ni mhariri, kungekuwa na pengo angeliona."

Tukatazamana. Kisha yule mzee mkavu akafunika uso kwa viganja viwili. Nilimwona mdogo ghafla, mzee wa watu, kola imechakaa. Hasira zikaniishia nikabaki sina cha kushika.

"Twende gazetini," akasema. "Leo."

Wiki ya 9, Jumatatu, jioni

Mhariri wa ukurasa wa afya ni kijana wa suti, Mzee Futa alimfundisha kazi. Kasikiliza vizuri. Kisha kauliza, "Nionyesheni kosa."

Tukatazama makala. Tukatafuta.

"Mara mbili si kweli?" akauliza.

"Ni kweli."

"Ini si kweli? Daktari hakusema hivi? Sisi tunasahihisha uongo, mwalimu. Hapa nasahihisha nini?"

Mzee Futa alikuwa mwekundu wa macho. Akasema, "Kijana, watu ishirini na mmoja kliniki moja." Yule akapepesa macho, akafungua kalenda yake. Kasema maneno mia moja na hamsini, Jumapili ya wiki ya kumi na moja, kama makala mpya, na iwe inaeleweka na mtu yeyote. Akiona haieleweki haitoki.

Tukiwa kwenye ngazi Mzee Futa akaniambia, "Usiniletee mimi kwanza. Mimi nimeshathibitisha sifai. Mpelekee atakayeimeza."

Wiki ya 9, Alhamisi

Mfamasia kaniruhusu kuwapigia simu wale wagonjwa, ishirini ukimtoa dada, yeye amekaa pembeni. Nimewapata kumi na nne. Wengine walifoka. Mama mmoja kaniuliza, "Sasa niamini gazeti au niamini simu?" Wawili walishaanguka. Mmoja alianguka jikoni, kaungua mkono.

Sikuwaambia ni mimi niliyeandika. Mfamasia alinitazama kila nilipokata simu.

Wiki ya 10, Jumatatu

Fundi mkuu kaleta salamu kwa shemeji: nafasi ya dada ipo, ila aje na barua ya daktari kwamba anameza dawa. Bila barua asije. Daktari hawezi kuandika uongo. Dada kasikia, kaomba chai.

Hajameza. Siku kumi sasa tangu atoke hospitali.

Wiki ya 10, Jumanne

Jaribio la kwanza. Nimeandika kwa asilimia. Nikampa.

"Asilimia sifuri nukta sifuri mbili," akasoma. "Hiyo ndiyo nini? Mimi napima kwa ndoo." Akanirudishia.

Wiki ya 10, Alhamisi

Kaanguka tena, sebuleni. Dakika mbili na nusu kwa saa ya ukutani, nimehesabu kwa sauti ili nisipige mayowe. Shemeji alishika kichwa, mimi nikamgeuza ubavu. Alipozinduka hakujua ni siku gani. Alinitazama akaniita mama.

Shemeji akalipuka. Mtu wa maneno machache, leo kayamaliza yote. "Meza! Wewe mwanamke, meza! Unataka nikuzike kwa sababu ya gazeti?" Dada akasema kwa ulimi mzito, "Nataka kuelewa. Ninachokimeza nataka nikielewe. Ni vibaya?" Shemeji akatoka nje akasimama kwenye mvua bila kofia.

Wiki ya 10, Jumamosi

Jaribio la pili. Nimeandika uwanja wa mpira uliojaa watu elfu kumi, wote wanameza, wawili ini linaharibika. Dada kasoma. Kwa mara ya kwanza hakunirudishia hapo hapo.

"Wasingemeza?"

"Angekuwa mmoja."

"Kwa hiyo kidonge kinamwongeza mtu mmoja uwanja mzima."

"Mmoja."

Akafikiri. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya rangi: "Na uwanja huo huo wote wakiacha, wangapi wataanguka?"

Nikapekua karatasi zangu, namba hiyo haimo. Nilisoma ule utafiti mara nne. Nimefaulu mitihani mitatu ya dawa za mishipa ya fahamu. Mzee Futa hakuuliza, daktari bingwa hakuuliza, mhariri wa suti hakuuliza. Kauliza fundi rangi aliyevunjika mkono.

Wiki ya 11, Jumatatu

Nimeipata namba. Ilikuwa kwenye kitabu changu mwenyewe cha mwaka wa pili, nimeipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Sikumbuki kabisa niliipigia kwa nini. Pengine kwa ajili ya mtihani.

Nimewapigia pia wale sita waliobaki. Safari hii nikaanza na jina langu na kusema mimi ndiye niliyeandika ile makala. Mzee mmoja nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Haya, sema. Nakusikiliza."

Wiki ya 11, Jumatano

Kesho makala inapelekwa gazetini. Leo baada ya chai nimempa dada, maneno mia moja na hamsini kamili, nimeyahesabu mara tatu. Akaomba penseli.

Akaishika kwa kushoto, maana kulia kuna plasta. Mistari yake ilikwenda upogo. Akaanza juu. "Hapa unajisifu," akakata. "Hapa unaomba radhi. Nimeshasikia, na mtu aliyesimama hahitaji machozi yako." Akakata. "Huyu daktari anasema nini? Hata yeye hajui." Akakata. Shemeji alikuja akasimama nyuma ya kiti, kikombe mkononi. Mimi nilikuwa naona kila mstari unapita juu yangu, na nikauacha upite.

Ukurasa ukabaki na sentensi mbili. Akazisoma kwa sauti, kidole kikifuata:

"Kati ya watu elfu kumi wanaomeza kidonge hiki, wawili wataharibika ini, wasingemeza, angekuwa mmoja. Kati ya watu kumi wanaokiacha ghafla, wanne wataanguka tena."

Akasoma ya pili peke yake. Akarudi ya kwanza. Mvua ilikuwa nyembamba nje. Aliweka penseli chini, akatazama plasta yake, akagusa kovu la paji la uso kwa ncha ya kidole.

"Ndiyo yote?" akaniuliza, ananitazama machoni.

"Ndiyo yote, dada."

"Hujaacha kitu?"

"Sijaacha kitu."

Akavuta lile kopo, akajaribu kulifungua kwa mkono mmoja, likamshinda. Shemeji akainama kumsaidia, yeye akamsukuma kwa bega, akalibana katikati ya magoti akalifungua mwenyewe.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Kidonge, lete maji."

Nikaenda kuleta, na njiani nikamwaga nusu yake.